Mvua Isiyolowesha

Sharjah si mji wa mvua. Lakini tangu 2018 kuna jengo katika mtaa wa Al Majarrah ambamo mvua inanyesha ndani, chini ya dari. Unaingia gizani, taa moja kali inamulika kutoka mbele, matone yanashuka kama pazia. Ukijitia humo taratibu, mvua inakatika hapo hapo ulipo. Kushoto inanyesha, kulia inanyesha, wewe mkavu.

Kazi hiyo inaitwa Rain Room. Ni ya kikundi cha wasanii cha Random International cha London, na ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Barbican mwaka 2012. Mwaka uliofuata ilipelekwa makumbusho ya MoMA, New York, ambako watu walikubali kusimama foleni saa nyingi ili wakatembee mvuani kwa dakika chache. Hapo Sharjah, chini ya Sharjah Art Foundation, ndipo ilipopewa makao ya kudumu. Wasomaji wetu walioko Ghuba wanaweza kwenda wikiendi hii wakipata tiketi.

Nianze na swali ninaloulizwa kila mara: mvua inajuaje kwamba mimi nipo? Haijui. Juu kuna kamera zinazopima umbali, yaani zinatambua ni wapi sakafu imefunikwa na kitu kilichosimama na kina kimo gani. Kompyuta inapokea vipimo hivyo bila kukoma na kuamuru vali zilizo juu ya kitu hicho zifungwe. Maji yakishafika chini hupita kwenye sakafu ya wavu, yakasafishwa na kurudishwa juu. Ndiyo maana viatu vya visigino vyembamba havitakiwi humo.

Sasa, kwa nini anayekimbia hulowa? Kufunga vali hakulizuii tone ambalo tayari liko hewani. Tone linaloanguka mita mbili huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde. Katika muda huo, mtu anayekimbia mita nne kwa sekunde atakuwa amesogea zaidi ya mita mbili, na huko alikofika matone yaliyoachiwa kabla hajaonekana bado yako njiani. Anayenyata hukuta vali zimekwisha fungwa. Hakuna bango linalokuamuru upunguze mwendo. Maji yenyewe yanakufundisha, na mimi naona hapo ndipo usanii wa kazi hii ulipo kuliko kwenye mitambo.

Kuna jambo la pili. Kazi hii ilipokuwa Los Angeles, katika makumbusho ya LACMA, wageni walitahadharishwa kuhusu nguo nyeusi tititi na vitambaa vinavyong'aa, kwa kuwa kamera huwa na taabu ya kuviona. Kitambaa cheusi humeza mwanga badala ya kuurudisha kwenye kamera, na kinachong'aa huurusha upande mwingine. Ukikaa ndani ya kanzu nyeupe wewe ni mtu. Ukivaa baibui jeusi la hariri, huenda kamera ikakukosa na vali zikabaki wazi.

Linganisha na Text Rain ya Camille Utterback na Romy Achituv, ya mwaka 1999, ambayo iko katika hazina ya makumbusho ya sanaa ya Marekani ya Smithsonian, Washington. Unasimama mbele ya skrini kubwa, unajiona kama kwenye kioo, na herufi zinakudondokea kutoka juu. Zinatua begani, zinatua kwenye kiganja. Ukiinua mkono nazo zinapanda, ukiuondoa zinaanguka. Siri yake ni nyepesi mno: kila herufi huulizwa kama nukta ya picha iliyo chini yake ina mwanga au ina giza. Ikiwa na mwanga, shuka. Ikiwa na giza, simama, na giza likipanda, panda nalo. Basi. Programu haijui bega ni nini. Hapa ni kinyume cha kule: mwenye nguo nyeusi ndiye mfalme, na aliyevaa nyeupe mbele ya ukuta mweupe herufi zinampita kana kwamba hayupo.

Herufi zile zimetoka katika shairi la Evan Zimroth. Watoto hurukaruka na kuzitawanya, na wanafurahi, ni haki yao. Lakini wawili wakishika kitambaa cheusi kati yao wakatulia, herufi hujipanga juu yake na maneno huanza kusomeka. Wageni wengi huondoka bila kugundua kwamba kulikuwa na kitu cha kusoma.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba ukiingia kwenye maonyesho ya namna hii usianze na simu. Simama. Kisha inua mkono mmoja, polepole, uone nini kinabadilika. Katika kumbi za kikundi cha wasanii cha teamLab huko Tokyo kuna maua ya mwanga yanayochanua ukutani na sakafuni ukitulia karibu nayo, na kupukutika ukiyagusa au ukipita juu yake. Picha hiyo inatengenezwa na kompyuta papo hapo, si filamu iliyorekodiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Siku hizi kumbi nyingi zinauza tiketi za bei kali kwa picha za wachoraji maarufu zilizotupwa ukutani kwa projekta, na zinadai ni maonyesho shirikishi. Ukuta ule ungeonyesha yale yale hata kama ukumbi ungekuwa mtupu. Ile ni sinema isiyo na viti, na ningependa bei yake iwe ya sinema.

Zipo pia kazi zinazokuomba kitu cha mwilini mwako. Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Mexico, alitengeneza Pulse Room mwaka 2006: unashika vishikio viwili, kihisi kinasoma mapigo ya moyo, na balbu iliyo karibu inamweka kwa mwendo huo huo. Ukiachia, taa zote zinazimika kidogo, kisha mapigo yako yanaingia kwenye balbu ya kwanza na ya waliokutangulia yanasogea nafasi moja. Chumba chenye balbu 100 hukusahau baada ya watu 100. Katika kazi yake nyingine, Pulse Index, unatoa pia alama ya kidole, nayo inatokea ukutani kwa ukubwa wa kutisha, kisha inapungua kadiri wengine wanavyoingia hadi inatoweka.

Msanii huyu amejenga usahaulifu ndani ya kazi yenyewe. Si wote wanaofanya hivyo. Palipo na kamera au mashine ya kusoma kidole, muulize mhudumu picha na alama zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anazifuta maonyesho yakifungwa. Uliza kabla ya kuweka kidole, kwa sababu baada ya hapo swali lako halina kazi tena.