Si meno ya plastiki, ni rota: chanjo iliyoanzia wodi ya watoto wachanga Delhi

Barua za wasomaji zimerundikana tena, na nyingi zinauliza jambo moja. Mtoto wa miezi minane anaharisha, anatapika, ana homa. Bibi yake amemfungua mdomo akaona fizi imetuna. Apelekwe wapi kung'olewa meno ya plastiki? Asipelekwe popote. Na kwa kuwa jibu hilo nimeshalitoa mara nyingi bila kusikilizwa, leo nitaeleza kirusi chenyewe kinachomharisha, yaani rota, na jinsi watafiti wa serikali ya India walivyokitengenezea chanjo kwa kuwatazama watoto ambao hawakuugua.

Kwanza tuimalize hiyo fizi. Anachokiona bibi ni chonge la utotoni ambalo bado halijatoka. Ukilichimbua mapema hivyo utakuta kitu laini, cheupe, ambacho hakijakomaa, na ukikiweka kiganjani unaweza kweli kudhani ni plastiki. Kila mtoto anacho, aharishe asiharishe. Kinatuna miezi ile ile ambayo kinga aliyorithi kwa mama yake inapungua, naye anaanza kutambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Meno na kuhara vimekutana kwenye umri, basi. Mganga anachokonoa kwa spoku ya baiskeli, damu inamwagika, siku chache baadaye kuhara kunakoma kwa sababu kuhara kwa rota hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja hivi, na sifa zote anazichukua yeye. Waliopatwa na pepopunda au maambukizi ya damu hawaendi kumshukuru. Wala msiniambie ni tiba ya mababu: madaktari wa Tanzania walianza kuandika habari za meno ya plastiki miaka ya 1980.

Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1980, kwenye hospitali ya AIIMS jijini Delhi, daktari wa watoto Maharaj Kishan Bhan na wenzake waliona jambo la ajabu wodini. Watoto waliozaliwa siku chache tu walikuwa na kirusi cha rota kwenye kinyesi, tena wengi, lakini hawakuwa wakiharisha. Mtu mwingine angeandika "hakuna tatizo" akaendelea na kazi. Bhan aliwafuatilia. Kadiri walivyokua, walipata kuhara kwa rota kwa nadra kuliko watoto ambao hawakuambukizwa wakiwa wachanga. Kirusi kile, kilichopewa jina 116E, kilikuwa kimewachanja bila mtu yeyote kukusudia.

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, maana sehemu hii hunisisimua. Kirusi cha rota kina vipande 11 vya jeni. Virusi viwili vya rota vikiingia kwenye seli moja, vipande vyao huchanganyika kama karata, na vinavyotoka vinaweza kuwa na mkono mpya. 116E ni zao la mchanganyiko huo: karibu jeni zake zote ni za rota ya binadamu, isipokuwa moja, inayounda protini ya VP4, ambayo asili yake ni ya ng'ombe. VP4 ndiyo inayochomoza juu ya kirusi na kushika ukuta wa utumbo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba VP4 ya aina hii hushika aina ya sukari ambayo haijaongezewa matawi, sukari ambayo ni nyingi kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Mtoto anapokua, mwili wake huongeza matawi hayo, na kirusi hukosa pa kushika vizuri. Maabara haikuhitaji kukidhoofisha 116E. Ng'ombe na watoto wachanga walishaifanya sehemu kubwa ya kazi.

Idara ya Bioteknolojia ya serikali ya India, iliyoundwa 1986, iliibeba kazi iliyobaki pamoja na taasisi za Marekani, shirika la PATH na kampuni ya Bharat Biotech. Bhan mwenyewe aliiongoza idara hiyo kuanzia 2004 hadi 2012. Jaribio kubwa lilifanyika Delhi, Pune na Vellore kwa watoto 6,799, kwa hiyo wanaosema eti "Wahindi wanatujaribia chanjo zao" wajue kwamba waliojaribiwa humo ni watoto wa Kihindi. Chanjo hiyo, Rotavac, iliingia kwenye mpango wa taifa wa India mwaka 2016 ikianza na majimbo manne, na Januari 2018 Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha ili mashirika ya Umoja wa Mataifa yaweze kuinunua. Kampuni iliahidi kuiuza kwa dola moja kwa dozi.

Kwenye jaribio hilo Rotavac ilizuia kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 56 katika mwaka wa kwanza wa maisha. Najua mtakachosema: chanjo ya nusu. Lakini hata Rotarix, chanjo iliyoanza kutolewa Tanzania Januari 2013, ilipojaribiwa Malawi ilipata asilimia 49, na Afrika Kusini 77. Chanjo zote za matone za rota hushuka nguvu penye umaskini. Na penye wagonjwa wengi, nusu yao ni vitanda vingi vinavyobaki vitupu. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuharisha, kwa rota au kwa vijidudu vingine. Chanjo imekusudiwa kumwepusha na kule kuhara kunakobonyeza utosi na kuzamisha macho.

Maji anayoyapoteza mtoto anayeharisha hutokaje? Mwaka 1996 maabara ya Mary Estes kule Houston ilionyesha kwamba kirusi hutengeneza protini iitwayo NSP4 inayofanya kazi kama sumu. Inatoka kwenye seli iliyoambukizwa, inaigusa jirani yake, kalsiamu inapanda ndani ya seli hiyo, kloridi inatiririka nje na maji yanaifuata. Seli ambayo haijaambukizwa kabisa inamwaga maji. Lakini njia inayopitisha glukosi pamoja na sodiamu hubaki wazi, na hiyo ndiyo siri ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji: sukari inaivuta chumvi ndani, chumvi inayavuta maji.

Basi, haraka haraka. Matone ya kwanza mtoto ayapate akiwa na wiki sita, kadi ya kliniki itakuonyesha yanayofuata. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, si kwa kikombe. Kunyonya kuendelee. Flagyl ya duka la dawa haikigusi kirusi hata kidogo, na muuzaji anayeisukuma kwa kila kuhara anauza tu. Damu kwenye kinyesi, kutapika kila anachopewa, kulegea au kukosa mkojo: nenda hospitali sasa hivi. Na vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayeharisha ni vya siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya tatu.