Uoni wa Karibu Unapofifia: Je, Leza Ndiyo Tiba?

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba akikaribia miaka 45 huanza kuona jambo ambalo mwanzoni hulipuuza. Maelezo yaliyoandikwa kwenye chupa ya dawa ya mimea hayasomeki ila aisogeze mbali, na ujumbe wa fedha ukiingia kwenye simu humlazimu kumwita mtoto amsomee. Fundi cherehani wa mjini Same naye hushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ndipo jamaa aliyeko Dar es Salaam humweleza kwamba siku hizi macho hupigwa leza na miwani ikasahaulika. Wapo wanaofika kliniki na swali hilo huku tayari wakitafuta mnunuzi wa ng'ombe au wa kipande cha shamba, hivyo linastahili jibu la kina.

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi. Ujanani lenzi hiyo huwa laini, na msuli ulioizunguka huibadilisha umbo ikawa nene zaidi tunapotazama kitu cha karibu. Kadiri umri unavyosonga lenzi hukakamaa, na kuanzia takriban miaka 40 haiwezi tena kubadilika vya kutosha. Hali hiyo huitwa presibiopia. Haisababishwi na moshi wa jikoni, simu wala kusoma sana, na kuvaa miwani hakuiharakishi. Huongezeka hadi kwenye miaka 60 hivi, kisha hutulia. Utafiti uliofanyika vijijini hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 uliikuta kwa zaidi ya asilimia 60 ya watu wenye miaka 40 na kuendelea.

Leza inayotangazwa kwa ajili ya kuacha miwani haiigusi lenzi hiyo. Huchonga konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ili kubadilisha mkunjo wake. Kwa kijana asiyeona mbali, upasuaji huo unaoitwa LASIK mara nyingi hufanikiwa vizuri. Kwa presibiopia, hata hivyo, hauwezi kuirudishia lenzi ulaini wake. Njia inayotumika sana ni kuliacha jicho moja lione mbali na kulichonga la pili lione karibu, kisha ubongo hujifunza kuchagua. Wako wanaozoea na kufurahi. Wengine hawazoei kamwe. Uwezo wa kukadiria umbali hupungua kiasi, na usiku taa huweza kuonekana zimezungukwa na duara la mwanga. Dereva wa bodaboda anayeshuka kutoka Vudee baada ya magharibi na apime mwenyewe maana ya hilo kwenye kona zile. Mpangilio huo unaweza kujaribiwa kwa siku kadhaa kwa lenzi ndogo zinazovaliwa juu ya jicho, bila kuchongwa chochote. Mimi singemruhusu ndugu yangu apasuliwe kabla ya jaribio hilo.

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa hasa watu wa kalamu. Mwalimu wa miaka 46 ambaye tangu ujana haoni mbali huvua miwani yake anaposahihisha madaftari, akayasoma vizuri. Akipigwa leza ili macho yote mawili yaone mbali, ataona ubao bila miwani, lakini madaftari sasa yatahitaji miwani asiyowahi kuihitaji. Amebadilishana tu, na kwa gharama kubwa. Zaidi ya hayo, leza ya konea huweza kuzidisha ukavu wa macho, na kwa anayefanya kazi katika upepo na vumbi la tambarare ya Same hilo si jambo dogo.

Ikilinganishwa na hayo yote, miwani ya kusomea ni tiba iliyothibitishwa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani waliongeza uzalishaji kwa takriban asilimia 22 kuliko wasiopewa. Mikono inayochambua mchele wa Ndungu au kusuka vikapu haina tofauti kubwa na mikono ile.

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni ugonjwa unaojificha nyuma ya swali la leza. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua neva ya jicho polepole bila maumivu, na hatari yake huongezeka baada ya umri huohuo wa miaka 40. Kinachopotea hakirudi. Konea iliyopunguzwa unene hufanya kipimo cha presha ya jicho kisomeke chini kuliko hali halisi. Kwa hiyo mtoa huduma wa zahanati akishampima mgonjwa uoni wa karibu kwa umbali wa sentimita 40, ampime pia uoni wa mbali, kila jicho peke yake. Jicho lisiloona mbali vizuri, ndugu mwenye glakoma, au ugonjwa wa kisukari ni sababu za kumpeleka kwa uchunguzi kamili, ikibidi hadi KCMC mjini Moshi. Mzee wa miaka 65 anayejisifu kwamba ameitupa miwani na sasa anasoma bila msaada naye achunguzwe: mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza. Huyo tiba yake ni kubadilishiwa lenzi, wala si kuchongwa konea.

Isidhaniwe kwamba leza haina kazi. Hutumika kutibu retina iliyoharibiwa na kisukari, baadhi ya aina za glakoma, na ukungu unaojitokeza nyuma ya lenzi bandia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Akiambiwa na daktari kwamba anahitaji leza ya namna hiyo, mgonjwa asikatae kwa kuichanganya na ile ya kuacha miwani.

Na aliyeelezwa yote haya akaamua bado kuchongwa konea, aombe nakala ya vipimo vya macho yake vya kabla ya upasuaji, aihifadhi pamoja na hati ya shamba. Miaka 20 baadaye, mtoto wa jicho atakapomjia, daktari atavihitaji ili kukokotoa nguvu ya lenzi bandia ya kumwekea.