Mkae Chini Kabla ya Kwenda Tribinali

Somo: Mathayo 5:23-26, Mathayo 18:15-17, 1 Wakorintho 6:1-8



Miaka kadhaa iliyopita ndugu wawili walinijia hapa Bulengera. Mmoja alimpa mwenzake dola 1,200 anunue kakao upande wa Beni. Pikipiki ilishambuliwa njiani, mzigo ukapotea. Mwenye pesa alidai yote. Mnunuzi alisema hasara ni ya wote wawili. Niliomba nao, wakapeana mikono, nikafurahi. Baada ya miezi mitatu walirudi, hawasalimiani tena. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza nani atalipa nini, na siku gani.

Wengi wanafikiri kupatana ni kufuta deni. Hapana. Bwana Yesu anatufundisha kumwendea mwenye madai mapema, kabla jambo halijafika kwa hakimu. Hakusema deni limekwisha. Naye Paulo aliwatia haya Wakorintho: je, kati yao wote hakuna hata mmoja mwenye hekima ya kuamua neno la ndugu wawili?

Tribinali ina kazi yake, na tunaiheshimu. Lakini kesi ya deni au ya parsela inakula pesa, inakula siku, inakula na undugu. Butembo inaishi kwa kuaminiana: mtu anampa mwenzake pesa ya bidhaa za Dubai au za China kwa neno tu. Ukishinda kesi na kupoteza jina lako, kesho nani atakukopesha? Wengine wanakimbilia kumfungisha mdeni. Lakini mapatano ya kimataifa ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976 yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba. Tena aliye kasho hatafuti pesa ya kukulipa.

Sheria yenyewe inafungua njia hii. Mwaka 2012 Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Novemba 2017 umoja huo ulipitisha sheria ya upatanishi. Kwa sheria hiyo, mpatanishi hatoi hukumu, yanayosemwa mezani ni siri, na mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi yanawafunga waliokubali. Hakimu anaweza hata kuyapa nguvu ya hukumu.

Basi tufanye hivi:

1. Mwendee mwenzako peke yako kwanza. Akikataa, rudi na mtu mmoja au wawili.

2. Chagueni pamoja mpatanishi. Mchungaji aliye jamaa ya upande mmoja ajitoe.

3. Sikilizeni pande zote. Mithali 18:17 inatuonya: anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aulize.

4. Andikeni kiasi, tarehe, na kitakachofanyika mtu asipolipa. Someni kwa sauti, kwa Kiswahili au Kinande. Kila mmoja abaki na karatasi yake.

5. Kama ni parsela, msiishie kanisani. Pelekeni mapatano kwenye ofisi ya ardhi, mipaka iandikwe huko.

Lakini tusikie vizuri: mauaji na ubakaji havimalizwi kwa mapatano ya jamaa. Binti aliyebakwa si deni la mbuzi wawili. Apelekwe hospitali upesi, na jambo lifike kwa sheria. Mchungaji anayelificha anamsaidia mkosaji.

Na wale ndugu? Mara ya pili tulikaa jioni tatu. Waligawana hasara: mnunuzi alipe dola 600, dola 50 kila mwezi. Tuliandika. Baada ya mwaka mmoja deni likaisha. Sitasema wanapendana kama zamani, lakini wanasalimiana, na watoto wao wanatembeleana.

Wewe msomaji, ni nani unayemkwepa sokoni juu ya pesa au mpaka? Mwendee juma hili, kabla ya kuleta sadaka yako.

Tuombe: Bwana, utupe moyo wa kusikiliza, na mkono wa kulipa tulichoahidi. Amina.