Dalili za kuangaliwa mtoto anapotibiwa saratani kwa miale

Mtoto mwenye saratani anapoanza kutibiwa kwa miale, wazazi wengi hushtuka wanapomwona akidhoofika badala ya kupata nafuu. Baadhi hukatiza matibabu, hatua inayozipa seli za saratani nafasi ya kukua upya.

Miale huua seli zinazogawanyika upesi, lakini pia hudhuru seli zenye afya zilizo karibu. Ndiyo sababu dalili hutegemea sehemu inayotibiwa. Akitibiwa kichwa, nywele hunyonyoka. Akitibiwa shingo, kinywa hupata vidonda na kumeza huwa shida. Akitibiwa tumbo, huenda akatapika au kuhara. Uchovu huwapata wengi.

Aliyetibiwa ubongo huweza kushikwa na usingizi mzito wiki kadhaa baada ya tiba kumalizika. Aghalabu hali hii huisha yenyewe, ila daktari sharti aarifiwe.

Mzazi anashauriwa kumpa mtoto chakula laini kidogo kidogo, na kutompaka mafuta yoyote kwenye ngozi iliyotibiwa bila idhini ya daktari. Joto la mwili likifika nyuzi 38, apelekwe hospitalini mara moja, kwani huenda kinga yake imepungua.

Hofu kwamba atawaambukiza nduguze miale haina msingi, kwa kuwa miale ya mashine haibaki mwilini. Hata hivyo, athari kama vile kudumaa au ugumu wa kujifunza huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa hivyo, kliniki zisiachwe hata mtoto akipona.