Kidonge cha Mtu si cha Mbwa

Mbwa akichechemea, mwenyewe humwonea huruma, akampa kidonge kile kile kilichomwondolea yeye maumivu ya kichwa. Huruma hiyo ni njema, lakini kidonge chaweza kumwua mbwa. Wako wasemao kwamba alaye mifupa hawezi kudhurika tumbo kwa kidonge, sisi hatukubali.

Tutwae ibuprofeni. Mwilini hufanyika vitu viletavyo uvimbe na maumivu. Na vitu vya jamii hiyo hiyo ndivyo vilindavyo ngozi ya ndani ya tumbo, na kusaidia damu ifike katika figo. Dawa hii huvizuia vyote pamoja. Tena tupige hesabu: kidonge cha miligramu 400, kwa mtu wa kilo 60, hakifiki miligramu 7 kwa kila kilo, kwa mbwa wa kilo 10 ni miligramu 40, nayo hukawia kutoka mwilini mwake. Basi tumbo hufanya vidonda, damu huvuja ndani, figo hushindwa kazi. Parasetamoli nayo huharibu ini. Na paka, maskini, kidonge kimoja chatosha kumwua.

Dawa za mbwa zipo, kama kaprofeni, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996. Hata hiyo hupimwa kwa uzito wa mbwa, wala haichanganywi na aspirini. Mbwa aliyepewa dawa akikataa chakula, akitapika, au akitoa choo cheusi kama lami, acheni dawa papo hapo, mkampeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na karatasi ya vile vidonge, apate kujua ni dawa gani, na amemeza vingapi.