Wakili wa Mjane Afundishwe Nini?

Mume akifariki hapa kwetu Namanyere, matanga yakishaanuliwa ukoo hukaa kikao. Hapo huteuliwa msimamizi wa mirathi, mara nyingi kaka wa marehemu, na muhtasari huandikwa kwenye karatasi ya daftari, watu wakatia saini na dole gumba, kisha karatasi ikapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane kwa wakati huo yuko jikoni, anahudumia wageni. Jina lake likiingia kwenye muhtasari, huingia kama mtu wa kutunzwa.

Nimeanza na karatasi hiyo kwa makusudi. Mafunzo mengi ya sheria za kimataifa za haki za wanawake huanza na mikataba na kuishia na mikataba, na mshiriki hurudi ofisini na mkoba wa vijitabu asivyojua avitumie wapi. Mimi ningeanzia kwenye muhtasari wa ukoo. Msingi wa kesi ya mjane, hata ile itakayofika Umoja wa Mataifa Geneva, huwekwa siku ile ya kikao.

Mikataba yenyewe tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake mwaka 1985, ikauridhia wote bila kujitoa kwenye kifungu chochote. Itifaki ya nyongeza, inayomruhusu mwanamke kupeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa, tulijiunga nayo mwaka 2006. Itifaki ya Maputo, ambayo kifungu chake cha 21 kinampa mjane fungu la haki katika mali ya mumewe na haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa, tuliiridhia mwaka 2007.

Hata hivyo, kwa mfumo wetu mkataba hauwi sheria ya nchi mpaka Bunge liutungie sheria. Wakili anayesimama mahakamani na kifungu cha mkataba mkononi, bila kingine, ataulizwa swali moja tu: Bunge limekitunga wapi? Swali hilo ni halali, na anayefundisha mawakili lazima awape jibu lake. Jibu ni kwamba mkataba unaisaidia mahakama kuisoma Katiba na sheria zetu wenyewe.

Jaji James Mwalusanya alilionyesha hilo Mwanza mwaka 1990. Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba, alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani, maana kwa mila ya Kihaya mwanamke aliruhusiwa kulitumia shamba la ukoo tu. Kuuza kulikuwa kwa wanaume. Jaji aliushika Mkataba tuliouridhia mwaka 1985 pamoja na mikataba mingine, lakini hakuuacha uelee hewani. Aliufunga kwenye ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi, kisha akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo ningewasomesha wanafunzi wote wa uwakili, neno kwa neno.

Lakini ningewasomesha pia ile iliyotuumiza. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walitolewa kwenye nyumba zao baada ya waume kufa. Kilichowatoa ni Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, ambayo inasema mjane hana fungu la urithi iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Walifungua kesi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikasema mila haiwezi kubadilishwa kwa hukumu ya mahakama. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa sababu ya dosari ya tarehe kwenye amri iliyotolewa na Mahakama Kuu yenyewe. Miaka minne ikaishia kwenye tarehe. Wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa, na Machi 2015 Kamati iliamua kwamba Tanzania imevunja Mkataba, na katika mapendekezo yake ikataka majaji na mawakili wafundishwe Mkataba huo.

Mafunzo hayo yafundishe nini, basi? Kwanza, kuuliza kama mila inayotajwa inaihusu kweli familia hii. Amri ya 1963 ilitungwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba, na Mfipa wa huku kwetu asichukuliwe kuwa Msukuma wala Mhaya bila ushahidi. Pili, kuitenga mali ya mjane mwenyewe kabla ya kugawa ya marehemu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kesi hiyo ilikuwa ya talaka, na kuipeleka hoja yake kwenye mirathi ndiyo kazi ya wakili. Tatu, na hapa Namanyere hili lina uzito kuliko yote, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20. Kifungu hicho kinaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Hicho Bunge limekitunga, na Mkataba ukisimama nyuma yake hakuna hakimu atakayeuliza umetoka wapi.

Jambo jingine ni lugha, na linanikera. Kanuni zinazomtoa mjane nyumbani zinasomeka kwa Kiswahili, ukoo unazijua kwa moyo. Zinazomlinda mawakili wamefundishwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, kwa hiyo mafunzo yaendeshwe kwa Kiswahili, na yafanyike Namanyere, Kirando na Kipili, wasaidizi wa kisheria wakikaa meza moja na mawakili. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo, na mirathi za kimila huanzia hukohuko. Msaidizi wa kisheria, aliyetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ndiye anayefika kwa mjane kabla kikao hakijavunjika. Amwambie aombe maneno yake yaandikwe kwenye muhtasari, hata kama ni mstari mmoja wa kupinga.

Nawe mama unayesoma haya, ukishindwa Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Omba nakala ya hukumu mapema, na kabla hujaondoka dirishani soma tarehe iliyoandikwa.