Acha Kung'arishwa: Picha Kali Siku Hizi Inataka Ngozi Yako Vile Iko

Msee, cheki ile picha ya CV uliyopigwa kitambo. Uso laini kama sahani, rangi imepanda shedi tatu, hata mamako angekupita kwa steji. Hiyo form inaisha. Mafotografa wanoma sasa wanaacha ngozi ikae ngozi, na alama zake.

Shida ni ya zamani. Maabara za picha zilikuwa zinapima rangi na kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi haikuwa kwa hesabu. Hata kamera ya leo, mita yake inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Kama wewe ni mweusi tii na uso umejaza fremu, inaongeza mwanga hadi unakaa umepakwa majivu. Simama mbele ya ukuta mweupe, inafanya kinyume: unabaki kivuli. Google walijaribu kurekebisha hiyo stori na Real Tone kwa simu ya Pixel 6, mwaka 2021.

Fotografa anayejua kazi anakuweka kando ya dirisha, ama taa kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe, itoke upande. Mwanga unateleza kwa shavu, haukugongi usoni. Mafuta kidogo si mbaya. Poda nyingi ndiyo noma.

Na hizi picha za AI? Ni rahisi, sawa, lakini zinakupea pua ya mtu mwingine, na intavyu utaenda na yako.

Kabla ulipe, mwambie akuonyeshe picha za watu wa rangi yako kabla hajaziedit. Akianza stori mob, tafuta mwingine.